Nilichanja Janssen mwezi wa nane, leo nimepimwa nina korona. Imekula kwangu au hiki kirusi kipya ndo kimeipita chanjo?

Mwana wa Rangi Tatu

Wakuu habari za muda huu, naombeni mawazo maana nimechoka kuchekwa.

Mi nilichanja Janssen mwezi wa nane mwaka jana, 2021, wiki ile ya kwanza kabisa watu tumepanga foleni na barakoa zetu, tukaambiwa hii ni sindano moja tu umemaliza. Kadi ninayo nimeifanyia leminesheni kabisa. Sasa mwezi wa kumi na mbili pale kazini kwetu Kariakoo, tuko wanne kachumba kamoja, feni moja, dirisha lilishagoma kufunguka tangu tuhamie, mafua yakaanza kwa mmoja, keshokutwa wakawa wawili, mi najisemea moyoni nyie kohoeni tu mwenzenu nimechanja. Wakapona. Januari hii nikapata safari ya kufuata mzigo, na safari ilikuwa lazima upime, napima majibu yanatoka nina korona. Safari imekufa, hela ya tiketi ndo hivyo tunabembelezana nao, na koo lilishaanza kuwasha usiku ule ule, kichwa, mgongo kama nimebeba zege kutwa nzima. Leo siku ya tano nipo fresh, kikohozi kidogo tu.

Kinachoniuma ni wale jamaa wawili wa kazini, hawajachanja kabisa hawa, walikohoa siku tatu wakarudi kazini, sasa wananiita Mheshimiwa Mchanjwa. Na nyumbani ndo balaa. Bi mkubwa ana miaka 67, ana sukari na presha, nilikuwa namsihi akachanje tangu Oktoba, juzi kaniangalia hivi akasema "si unaona mwanangu, wewe umechomwa na umeugua, mimi nikachomwe ya nini". Sikuwa na jibu wakuu.

Swali langu, hii Omikroni, yaani hiki kirusi kipya cha korona, imeifanya chanjo iwe maji tu? Na nimeskia huko nje wanatengeneza chanjo mpya ya Omikroni yenyewe, sasa bora bi mkubwa asubiri hiyo au aende tu na hizi zilizopo?

Mzee wa Nyungu

Tuliwaambia mkatuona washamba. Malimao, tangawizi, mwarobaini, blanketi juu, jasho likutoke, kwisha habari. Mimi tangu 2020 najifukiza na sijawahi kuchomwa kitu. Nyie kila baada ya miezi mnaletewa herufi mpya ya Kigiriki, mara Alfa mara Beta mara Delta, wakimaliza Kigiriki wataanza a e i o u. Faida pekee ya Uviko, hiyo korona yenu, niliyoiona kwa macho yangu ni yale madarasa mapya yaliyojengwa kwa hela za Uviko, mjukuu wangu kaingia fomu wani Januari hii darasa linanukia rangi. Hayo nawapongeza.

Dada wa Maabara

Shikamoo mzee wangu hapo juu, nakuja kwako baadaye.

Mwana wa Rangi Tatu pole. Mi nafanya kazi maabara hapa hapa mjini, sio daktari, na nilichanja Janssen kama wewe na Desemba nikaugua kama wewe, kwa hiyo usidhani nakuhubiria kutoka madhabahuni. Kabla ya yote kaa mbali na mama. Una kikohozi bado na uko siku ya tano, lala chumba chako, dirisha la nyumbani najua linafunguka, vaa barakoa ukitoka, sahani yako kando. Hayo mengine tunaweza kubishana humu hata wiki nzima ila hilo ni la leo.

Haya. Hiki kirusi kinabeba maelekezo yake kwenye RNA, kikiingia kwenye seli kinajinakili maelfu kwa maelfu, na kila kinaponakili kinakosea herufi hapa na pale, kama mtoto anayeandika imla mwalimu anasoma haraka. Makosa mengi hayana maana, mengine yanakiua chenyewe. Moja moja linakipa unafuu, kinashika seli vizuri zaidi au kinabadilika sura kidogo mwili usikitambue. Pa kuangalia ni ile miiba inayokizunguka, maana mwiba ndo kinashikia mlango wa seli. Na Janssen, Pfizer, Moderna zote zinaufundisha mwili kuujua mwiba tu, tena mwiba wa kile kirusi cha mwanzo cha Wuhan. Sinopharm wao wamechukua kirusi kizima kilichokufa ila ni cha zamani hicho hicho. Sasa Omikroni imekuja na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba peke yake. Thelathini! Delta iliyotutoa jasho mwaka jana haikufika hata nusu ya hayo.

Chukulia mgambo wa Kariakoo walivyowaondoa machinga mwaka jana. Alama waliyopewa ni meza na turubai. Machinga akikunja meza akatundika mikanda na saa begani akatembea mdogo mdogo, mgambo anapishana naye. Kingamwili ndo hao mgambo, wapo mlangoni puani na kooni, na wanapungua kadiri miezi inavyokwenda baada ya sindano. Wewe umekaa kuanzia Agosti mpaka Januari, mgambo wamebaki wachache halafu machinga mwenyewe kaja bila meza, ameingia. Lakini huko ndani kuna watu wengine wanaitwa seli T, hawa hawana habari na meza, wao wanafungua mzigo wanakagua kipande kimoja kimoja, na vipande vingi vya mwiba wa Omikroni ni vile vile vya zamani. Hawazuii kuingia hawa. Wakigundua seli imeshaingiliwa wanaiua na kirusi chake humo humo, kabla mambo hayajafika mapafuni.

Sasa namba, na hapa ndo watu wanachanganya. Afrika Kusini Desemba walitoa hesabu za waliochanja Pfizer mbili. Kuzuia maambukizi ilishuka kutoka asilimia 80 hadi 33 Omikroni ilipoingia. Kuzuia kulazwa hospitali ilishuka kutoka 93 hadi 70. Ukiskia mtu anasema chanjo imeshuka muulize imeshuka kwenye nini, pua au wodi? Ya puani imepigwa kweli tena vibaya. Ya wodini imepungua lakini imesimama.

Na Janssen wala hawakuficha tangu mwanzo. Majaribio yao yalitangazwa Januari 2021, ugonjwa wa kati na mkali Marekani ilizuia asilimia 72, Afrika Kusini ambako Beta ndo ilikuwa imetawala ikawa 57. Ugonjwa mkali peke yake asilimia 85. Kosa ni sisi tulioelezea watu mtaani, tulisema "ukichanja hupati" kwa sababu ni maneno mafupi yanakaa kwenye bango.

Ila nisikudanganye, kupona kwako haraka sio chanjo peke yake. Omikroni yenyewe inapenda njia za juu za hewa kuliko mapafu, Hong Kong waliijaribu maabara ikajinakili haraka kama mara 70 kwenye mirija ya hewa ukilinganisha na Delta, lakini kwenye nyama ya mapafu ikawa inajivuta. Na hao wenzako wawili nina hakika kama sio mmoja wote waliugua korona ya wimbi la Julai mwaka jana wakaita nimonia au uchovu, nao wana kinga, ila ya kwao waliilipia kwa bahati.

Chinga wa Msimbazi

Kwa hiyo dada sisi ndo virusi? 😂😂 Haya tumekubali, tulishaitwa kila kitu mwaka jana kirusi kilikuwa bado.

Ila nina swali la kweli, hapa kijiweni kuna jamaa kashikilia kwamba hizo chanjo ndo zinasababisha kirusi kibadilike, yaani kabla ya chanjo kilikuwa kimoja kimetulia, walivyoanza kuchoma watu ndo kikakasirika. Nimjibu nini maana ana maneno mengi yule.

Dada wa Maabara

Mwambie ahesabu tarehe tu. Alfa iliokotwa kwenye sampuli za Uingereza za Septemba 2020. Beta Afrika Kusini nayo ni 2020 hiyo hiyo. Chanjo ya kwanza kuchomwa mtu nje ya majaribio huko Uingereza ni Desemba 2020. Kirusi kilibadilika kwa sababu kilipata watu wengi wa kupita ndani yao, kila mgonjwa ni daftari jipya la imla.

Kuna kaukweli kadogo kwenye maneno yake, pale ambapo watu wengi wana kinga, iwe ya chanjo au ya kuugua, kile chenye sura mpya ndo kitapenya zaidi. Lakini hiyo ni kwa kinga yoyote, hata ya nyungu ingekuwa ipo. Pole mzee wangu 🙏

Temeke Mpaka Pretoria

Wana Dar salamuni, mi wa Temeke ila niko Pretoria huku mwaka wa sita, ngoja niwaambie ilivyokuwa maana hii Omikroni ilianzia kupimwa huku na jirani Botswana.

Katikati ya Novemba tulikuwa tumesahau kabisa, kesi zilikuwa chache, watu wanapanga Krismasi. Ghafla vyuoni hapa wanafunzi wanaanguka kwa makundi. Tarehe 25 Novemba profesa Tulio de Oliveira, mchunguzi wa virusi, na wenzake wakatoka hadharani wakasema tuna kirusi kipya kina mabadiliko ya ajabu, kesho yake WHO, shirika la afya duniani, wakakipa jina, na siku hizo hizo Ulaya wakatufungia ndege. Yaani mnasema ukweli mnapigwa fimbo. Roho iliniuma, na wengine humu mtaani walisema si bora tungenyamaza.

Lakini niliyoyaona: wimbi lilipanda kama moto wa petroli na kufika Krismasi lilikuwa linashuka. Nyumba nzima tuliugua, watu saba. Mimi nina Janssen. Hakuna aliyelazwa. Nyumba ya jirani mzee mmoja, hakuchanja, alipelekwa na hakurudi. Moja na moja sio takwimu najua, ila ndo nilichokiona.

Na hili la chanjo kushindwa na kirusi kipya huku halikuanza na Omikroni. Tarehe 1 Februari 2021 dozi milioni moja za AstraZeneca zilishuka uwanja wa ndege, Rais Ramaphosa mwenyewe alikwenda kuzipokea, mvua inanyesha. Siku sita baadaye wakasimamisha. Utafiti wa watu kama 2,000 ulionyesha haifui dafu kwa ugonjwa mdogo na wa kati wa Beta. Sasa watu hawasemi kwamba wale wa utafiti walikuwa vijana, hakuna aliyeumwa sana upande wowote, kwa hiyo kuhusu ugonjwa mkali utafiti ule haukusema chochote, si ndiyo wala si hapana. Zile dozi wakazipeleka nchi nyingine za Afrika, na hapa manesi na madaktari wakaanza kuchomwa Janssen. Desemba hii majuzi wametoa matokeo ya hao hao manesi waliopata Janssen ya pili, kinga ya kutolazwa kwa Omikroni imefika asilimia 85 mwezi mmoja na kitu baada ya sindano. Kwa hiyo Mwana wa Rangi Tatu wewe mwenyewe ile ya pili ulizia, WHO nao Desemba walisema ya pili inaongeza nguvu, ile moja watu waliichukulia kama imemaliza.

Halafu msijione mko pembeni. Februari 2021 wasafiri waliotoka Tanzania walipimwa walipotua Angola wakakutwa na kirusi chenye mabadiliko mengi kuliko vyote vilivyokuwa vimeonekana mpaka wakati ule. Sisi wakati huo Dar tulikuwa bado na zile kesi 509 zilizotangazwa 2020. Bahati nzuri kile hakikusambaa kama hivi vingine.

Mama Ntilie Buguruni

Wanangu mimi sijui habari za miiba. Mdogo wangu wa kiume tulimzika mwezi wa saba mwaka jana, kabla chanjo haijafika. Tukaambiwa changamoto ya upumuaji. Nilizunguka na bajaji usiku kutafuta mtungi wa gesi, namaanisha ya hospitali ya kupumulia, tumeupata saa kumi alfajiri na saa kumi na moja alikuwa ameshaondoka. Alikuwa anajifukiza asubuhi na jioni, sikutanii mzee mwenzangu, masufuria ya kupikia wali ndo nilikuwa namchemshia.

Mimi nimechanja. Na mafua ya Desemba nimeyapata, nimelala siku mbili, ya tatu niko kwenye jiko langu nakaanga samaki.

Mzee wa Nyungu

Pole mama, Mungu amrehemu.

Mimi simdharau mtu aliyefiwa. Ninachobisha ni hesabu. Dada wa Maabara kaandika mwenyewe hapo asilimia 33. Mwanafunzi akipata 33 shuleni tunamwambia kafeli. Sasa kwa nini chanjo tuipe daraja la huruma? Na hiyo chanjo mpya ya Omikroni kama hizi zinatosha wanaitengeneza ya nini?

Dada wa Maabara

Mzee umeuliza vizuri kuliko wale wanaokuja humu na video.

33 ni ya kutoambukizwa. Kwenye somo hilo kweli kafeli, nakubali bila kupepesa macho. Somo la kutolazwa kapata 70, na ukiongeza dozi ya tatu Uingereza mwisho wa Desemba waliandika 88. Ila pia asilimia hizi si kwamba katika waliochanja 100, 30 watalazwa, hapana, watu wanasoma hivyo wanaogopa bure. Maana yake kama wasiochanja wangelazwa 100, kwenye kundi la waliochanja la ukubwa ule ule wangelazwa 30. Wengi hata hawafiki kulazwa pande zote mbili. Tofauti inaonekana ukija kwa mtu kama bi mkubwa wa Rangi Tatu, 67, sukari, presha, huyo ndo yule ambaye kulazwa kwake ni jambo la karibu.

Chanjo mpya wanaitengeneza ili warudishe ile ya puani. Pfizer wametangaza wiki hii ya mwisho wa Januari 2022 ndo kwanza wanaanza kuijaribu kwa watu. Ijaribiwe, ipite, itengenezwe, wagawane matajiri kwanza, sisi tumeona foleni ya kwanza ilivyokuwa, wenzetu walianza Desemba 2020 sisi Rais Samia kachomwa tarehe 28 Julai 2021, miezi saba na zaidi. Mpaka hiyo ya Omikroni itue Dar, kirusi kitakuwa kwenye herufi nyingine. Kumwambia mgonjwa wa sukari asubiri hiyo ni kumwambia akae mvuani kwa sababu fundi anashona mwavuli wa rangi nzuri.

Kujifukiza kukifungua pua sikukatazi mzee, ila angalia maji ya moto na wajukuu, hospitalini tunapokea walioungua.

Chinga wa Msimbazi

Mwavuli hapo umeniua dada. Ninayo buku saba saba kwa wanaohitaji, begani kama ulivyosema 😂

Mwana wa Rangi Tatu

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, wiki mbili zimepita. Kikohozi kimeisha, tiketi wamekubali kusogeza tarehe ila kwa kuongeza hela.

Bi mkubwa. Nilimsomea yale ya Mama Ntilie neno kwa neno, nikiwa nimesimama mlangoni na barakoa yeye kakaa kitandani. Zile asilimia nilizianza akanikatisha, akasema hizo waambie wenzako. Akanyamaza sana. Kesho yake akaniuliza yule kaka wa watu alikuwa na umri gani, nikamwambia hajaandika, akasema "mdogo wake ina maana ni mtu mzima kama mimi tu".

Nimekaa siku kumi mpaka nimepona sawasawa ndo nikampeleka, si kituo kikubwa, lile banda la wahudumu wanaokuja sokoni. Walikuwa na Janssen na Sinopharm, wakamweleza Sinopharm unarudi tena, akasema basi nipeni ya mara moja mimi miguu inauma. Nikamwambia mama na hii inaweza ikaja ya pili, akaniambia nyamaza wewe uliyeugua. Usiku homa kidogo na mkono ulimuuma, akadai supu ya kongoro siku mbili mfululizo, nimenunua. Sukari tulikuwa tunampima haikuyumba.

Jana kaniita kaniambia nimpe kadi yangu aione. Kaigeuza mbele nyuma, kisha kaniuliza hii plastiki uliweka kwa shilingi ngapi, na yake nikaifanye hivyo hivyo kabla haijaloa.